Viza Kwanza, Tiketi za Makumbusho Baadaye

Ule ushauri wa "kata tiketi zote miezi mitatu kabla" umerudi tena kwenye magrupu ya WhatsApp ya wasafiri, na kama kawaida unatolewa kwa sauti ya mtu asiyetaka kuulizwa swali. Louvre, makumbusho ya Paris, kata sasa. Colosseum, uwanja wa kale wa Roma, kata sasa. Mnara wa Eiffel, unangoja nini? Aliyeuandika mara ya kwanza ana pasipoti inayomruhusu kuamka Ijumaa, kununua ndege na kulala Roma Jumamosi. Sisi wa kupanga foleni ya viza tunaunakili neno kwa neno, halafu mtu anabaki na tiketi nne za makumbusho na barua ya kunyimwa viza, vyote vimelipiwa.

Hebu tuangalie kalenda zenyewe, maana hapo ndipo uongo unapojianika. Colosseum wanafungua mauzo siku 30 kabla ya siku ya kuingia. Nyumba ya Anne Frank kule Amsterdam, alikojificha yule msichana Myahudi aliyeandika shajara, huuza kila Jumanne, tiketi za wiki sita mbele, mtandaoni tu. Mlangoni hakuna dirisha la kuuzia. Makumbusho ya Vatican na lifti za Eiffel ni siku 60. Sasa niambie, huyo wakala aliyekuuzia tiketi ya Colosseum miezi mitatu kabla ameitoa wapi? Hajaitoa popote. Amekuuzia ahadi. Pesa yako anayo, na zikibaki siku 30 atakwenda kugombania tiketi kwenye tovuti ileile ambayo ungeingia mwenyewe. Akikosa, utapata ujumbe mtamu wa kuomba radhi, au saa yako ya asubuhi itahamishiwa jioni ukiwa tayari una treni ya kwenda Florence.

Kwa hiyo kalenda halisi inamfaa mwombaji wa viza kuliko tunavyoogopeshwa. Ombi la viza ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, unaruhusiwa kuliwasilisha kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Uamuzi kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, na wakitaka kukuchunguza zaidi wanaweza kwenda hadi 45. Chukua safari ya katikati ya Septemba. Faili likiingia katikati ya Mei, jibu la kawaida unalo kabla ya Juni kuanza, na hata likikwama siku zote 45, mwisho wa Juni umeshajua moja. Vatican watafungua tarehe zako katikati ya Julai. Anne Frank, mwanzoni mwa Agosti. Colosseum, katikati ya Agosti. Viza iko kwenye pasipoti na hujapitwa na kitu. Anayepitwa ni yule aliyepeleka faili Agosti kwa safari ya Septemba. Huyo tatizo lake ni miadi ya ubalozi, na tiketi za mapema zisingemsaidia.

Na tafadhali, si kweli kwamba tiketi ya Louvre "inaipa faili nguvu". Ubalozi unataka bima isiyopungua euro 30,000, mahali pa kulala, taarifa za benki, nafasi ya ndege, na sababu ya wewe kurudi nyumbani. Kwenye ratiba andika "siku ya tatu: Louvre" na yatosha. Hakuna afisa aliyebadili mawazo kwa kuona unapenda sanaa. Ada ya viza ni euro 90 na hairudi ukinyimwa, usiiongezee wenzake.

Haya, ipo tofauti moja ninayoikubali shingo upande. Karamu ya Mwisho, ule mchoro wa ukutani wa Leonardo da Vinci, Milano. Wanaingiza kikundi kidogo kwa dakika 15, kisha mnatolewa wanaingia wengine, na tiketi hutolewa kwa mafungu ya miezi kadhaa. Fungu likifunguliwa, wiki nzuri huisha upesi. Kama ndiyo sababu ya safari yako, nunua hata kabla ya viza, mradi iwe kwenye tovuti rasmi, cenacolovinciano.org, ambako unahatarisha bei ndogo ya tiketi yenyewe na si "kifurushi" cha wakala. Wenye kibali cha kuishi Ulaya au viza ya kuingia mara nyingi, ninyi fanyeni mtakavyo, haya hayawahusu.

Viza ikishatoka, kata tiketi ukiwa bado nyumbani. Usingoje ufike. Benki ikitaka kuthibitisha malipo hutuma namba kwa SMS kwenye laini yako ya huku, na laini isiyo na roaming huko Paris haipokei kitu. Utakaa unatazama kile kisanduku cha tarakimu sita mpaka muda uishe na nafasi imrudie mwingine. Kabla ya siku yenyewe hakikisha kadi imefunguliwa kwa manunuzi ya mtandaoni ya nje, maana kadi nyingi za huku huja zimefungwa, na kikomo cha siku kinatosha familia nzima. Ukurasa ukikuuliza ulipe kwa euro au kwa shilingi, chagua euro. Ile huruma ya kukubadilishia fedha ina bei yake.

Saa nayo huwaangusha watu. Anne Frank hufungua mauzo saa 10:00 za Amsterdam, yaani saa 4 asubuhi ya huko. Majira ya joto hiyo ni saa 5 asubuhi kwa Dar na Nairobi, saa 4 kwa Goma na Bujumbura. Wakisharudisha saa zao nyuma mwishoni mwa Oktoba, inakuwa saa 6 mchana Dar. Ingia mapema, na ukiwekwa kwenye foleni ya mtandaoni tulia hapohapo. Anayepakia ukurasa upya kwa pupa anaweza kujirudisha mkiani.

Majina: Colosseum na Alhambra, lile kasri la Granada, Hispania, wanaandika jina kwenye tiketi na kukagua kitambulisho. Liandike kama lilivyo kwenye pasipoti, majina yote matatu kama yapo matatu, si lile la Facebook. Alhambra wanataka na namba ya hati, na huenda pasipoti yako imelala ubalozini wiki tatu, kwa hiyo piga picha ule ukurasa kabla hujaikabidhi. Pia saa iliyoandikwa kwenye tiketi ya Alhambra ni ya Majumba ya Nasrid. Bustani na ngome unaingia kwa nafasi yako; lile lango la majumba halisubiri. Umechelewa, umekosa.

Maneno "ruka foleni" yasikutoe euro 40 za ziada. Tiketi ya kawaida yenye saa tayari imeshakurusha foleni ya dirishani. Foleni ya ukaguzi wa mabegi hairukwi na tiketi ya mtalii yeyote.

Kuna na sehemu ambazo hazihitaji presha hii hata kidogo. British Museum na National Gallery za London ni bure (viza yake ni nyingine kabisa, msije mkachanganya). Makumbusho ya Afrika ya Tervuren kule Ubelgiji, na mali zote zile za Kongo, unafika mlangoni unanunua. Na yule mjusi wetu wa Tendaguru, yaani mifupa ya dinosaria, aliyechimbwa Lindi kati ya 1909 na 1913, amesimama Berlin na kimo chake cha zaidi ya mita 13 wala haendi popote. Kumtembelea mkazi wa Lindi tunalipia viza, lakini angalau hatuna haja ya kukesha mtandaoni. Gorila wa Bwindi, Uganda, ndio kinyume chake: kundi moja wageni 8 kwa siku, kibali mapema, hakuna mjadala.

Mwisho bei na siku. Louvre tangu Januari 2026 ni euro 32 kwa wanaotoka nje ya eneo la uchumi la Ulaya, yaani sisi, kwa hiyo zile orodha zenye euro 22 zitupe. Watoto chini ya miaka 18 hawalipi. Msimkubalie wakala anayewatoza. Makumbusho ya Orsay, Paris, hufungwa Jumatatu. Vatican hufungwa Jumapili, isipokuwa ya mwisho wa mwezi, ambayo ni bure na foleni yake utaisimulia. Louvre hufungwa Jumanne, na kama wakala amekuuzia Jumanne, mwambie aje akufungulie.