Kibali cha mtambo wa gesi Mwanza: mkataba usomwe kabla ya moshi

Mama anayeuza sato Igoma hafungui friza yake ovyo umeme ukikatika. Anaifunika blanketi, anaweka jiwe juu ya mfuniko watoto wasije wakachungulia, kisha anamtuma kijana akatafute barafu. Kijana anarudi na nusu mfuko. "Mayu, barafu imepanda." Ukimwuliza mama huyo kama Mwanza ijengewe mtambo wa umeme wa gesi, jibu lake unalijua kabla hujamaliza swali.

Hoja hiyo hurudi kila umeme unaposuasua Kanda ya Ziwa. Nchi ina gesi asilia iliyogunduliwa ya zaidi ya futi za ujazo trilioni 57. Dar es Salaam wana mitambo ya gesi ya Kinyerezi na Ubungo. Sisi tuna mtambo wa mafuta mazito pale Nyakato, wa takriban megawati 60, na mafuta hayo ni ghali. Kwa nini basi mwekezaji asipewe kibali, ajenge wa gesi? Upande wa pili nao hujibu kwa neno moja: ziwa. Ubishi ukishafika hapo huwa hausogei tena. Tuchukue mtambo wa mfano, megawati 60 kama ule wa Nyakato, tuone wanaotoa vibali wanatakiwa kuuliza nini.

Milango mikubwa ni miwili. Wa kwanza ni wa NEMC, baraza la mazingira la taifa, ambako Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inadai tathmini ya athari kwa mazingira kabla jiwe la kwanza halijawekwa. Wa pili ni wa EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ambayo chini ya Sheria ya Umeme ya 2008 hutoa leseni ya kuzalisha na kupitia mkataba wa kuuziana umeme kati ya mzalishaji na TANESCO, shirika la umeme la taifa. Watu hujaa kwenye mlango wa kwanza. Kwenye wa pili hubaki wanasheria na wahasibu. Nadhani tumekosea mlango.

Nianze na ziwa, kwa sababu wanaolitetea wana hoja, ila si ile wanayoipigia kelele. Kinachochafua maji ya Mwanza leo ni majitaka, mbolea na udongo unaosombwa na mvua. Simama darajani juu ya mto Mirongo siku ya mvua uone kinachoingia. Gesi ikiungua haitoi masizi, na salfa yake ni kama hakuna. Hewa ya ukaa inayotoka ni pungufu kwa takriban robo ukilinganisha na mafuta mazito kwa joto lile lile. Mkazi wa Nyakato angepumua vizuri zaidi. (Gesi ikivuja kabla ya kuungua ni habari nyingine: methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi hiyo, hupasha dunia joto mara nyingi kuliko hewa ya ukaa, na injini za gesi hupitisha kidogo bila kuiunguza. Hilo nalo liandikwe kwenye tathmini.)

Swali la ziwa lililo zito ni la maji ya kupoozea. Mtambo wa injini zenye rejeta kama za lori hunywa maji kidogo. Mtambo unaotumia mvuke, kwa mtindo wa Kinyerezi II, unahitaji kupoozwa sana, na ukivuta maji ziwani utayarudisha yakiwa ya moto. Siku hizi ghuba zetu zina vizimba vya sato. Maji ya moto hushika oksijeni kidogo, na sato aliyefungiwa kizimbani hana pa kukimbilia. Ongeza magugumaji, ambayo upepo ukigeuka huhama usiku kucha na asubuhi yameziba kila mdomo wa bomba. Kwa hiyo "mtambo wa gesi" peke yake si jibu. NEMC iulize ni wa aina gani, na maji yatatoka wapi na kurudi wapi.

Sheria hiyo hiyo ya mazingira inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Ukingo upi? Mwaka 2020, na tena 2024, maji yalipanda yakameza mialo na nyumba ambazo wenyewe walijua wamejenga nchi kavu. Anayepima mita 60 kiangazi cha mwaka wenye maji haba atajikuta na mtambo unaoogelea.

Tufike kwenye gesi yenyewe. Ipo Songo Songo, Lindi, na Mnazi Bay, Mtwara. Bomba kubwa lililokamilika 2015 linaishia Dar es Salaam. Bomba la EACOP linalopita Kagera, Geita na Shinyanga ni la mafuta ghafi ya Uganda, si la gesi, ingawa kijiweni watu huyachanganya. Kwa hiyo gesi ya Mwanza, kwa sasa, ingepanda gari. Nimepiga hesabu ya haraka: megawati 60 zikizunguka usiku na mchana zinakula karibu futi za ujazo milioni 11 kwa siku. Ukiigandisha gesi hiyo iwe kimiminika, ni kama tani 230. Hayo ni malori 12 ya tani 20, kila siku ya Mungu, kwa safari ya zaidi ya kilomita 1,100, na mengine yakirudi matupu. Kabla ya kumwagika hata tone, gharama imeshapanda. Atakayesema "gesi ni yetu, kwa hiyo ni rahisi" amesahau kuwa sato ni wetu pia, na Dar anauzwa bei nyingine.

Sasa mkataba. Mzalishaji binafsi halipwi kwa uniti tu; mara nyingi hulipwa pia kwa kuwa tayari, mashine izunguke isizunguke. Tuseme, kwa mfano tu, ni dola 20 kwa kila kilowati kwa mwezi. Kwa megawati 60 ni dola milioni 1.2, na kwa shilingi 2,500 kwa dola ni bilioni 3, mtambo ukiwa umelala. Miaka 20. Somo hili tumelilipia. Mkataba wa IPTL, kampuni binafsi ya kuzalisha umeme, ulisainiwa 1995, na malipo yake yalitufikisha kwenye sakata la fedha za akaunti ya Escrow la 2014. Mkataba wa umeme wa dharura wa kampuni ya Richmond, uliozaliwa na ukame wa 2006, uliishia kwa Waziri Mkuu Edward Lowassa kujiuzulu Februari 2008. Hakuna kati ya hayo lililoharibikia kwenye moshi. Yaliharibikia kwenye karatasi ambazo mwananchi hakuziona.

Lakini wanaotaka mtambo wana hoja moja ambayo siwezi kuipuuza: umbali. Bwawa la Julius Nyerere lina megawati 2,115, lakini liko Rufiji, na sisi tuko mwisho wa waya. Umeme unapanda kwa laini ya kilovolti 400 kutoka Iringa hadi Shinyanga, kisha unaletwa Mwanza kwa laini nyembamba zaidi. Njiani mwingine unapotea kama joto, na voltiji inashuka hadi taa inakuwa kama kibatari. Si malalamiko ya Wasukuma tu. Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Kilimanjaro, alitetea mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kwa ajili ya mikoa ya Kaskazini, hoja ikiwa hiyo hiyo ya umbali na upotevu. Tena, Oktoba 2015 mabwawa yalipungua hadi mitambo ya maji ikazimwa. Rufiji nao ni mto. Taifa linaloweka mayai yake yote mtoni linahitaji gesi pembeni.

Ni kweli. Ila gesi hiyo ya pembeni inafanya kazi vizuri ikichomwa Kinyerezi, karibu na bomba, umeme ndio usafiri. Waya hauhitaji dereva. Kinachotuumiza mwisho wa waya kinatibika kwanza kwa laini ya pili, transfoma kubwa na vifaa vya kunyanyua voltiji, na hivyo havihitaji hata futi moja ya gesi.

Kuna jambo jingine linalonikera kidogo. Bei ya umeme ni moja nchi nzima: anayetumia kidogo analipa shilingi 100 kwa uniti, wengine wengi 292. Kwa hiyo Mwanza tukipata mtambo ghali, bili hatuilipi peke yetu. Inalipwa pia na mtu wa Mtwara, ambaye 2013 aliingia barabarani akipinga gesi kuondoka kwao.

Kama maombi ya leseni yangefika EWURA kesho, tangazo likatoka gazetini kuita maoni, ningepeleka barua ya ukurasa mmoja kwenye ofisi yao ya Kanda ya Ziwa. Ningesema sipingi injini za gesi kuchukua nafasi ya mafuta mazito Nyakato, mahali ambako tayari kuna kituo. Zikiwa za akiba, ziwe za TANESCO, kama Kinyerezi. Zikiwa za mwekezaji, alipwe kwa uniti iliyofika kwenye laini, na mashine ikilala naye alale njaa. Akikataa sharti hilo, atakuwa ametuambia mwenyewe anategemea mtambo wake uzunguke kiasi gani.