Deni la Umeme Ambao Sikuutumia

Mimi ni mtu wa Ngamiani, hapa Tanga, na katika umri wangu nimedaiwa madeni ya kila namna: ya nyama, ya ada, ya kodi ya nyumba, hata ya mahari, ambayo mkwe wangu hunikumbusha kila Idi. Lakini deni la kitu ambacho hakikutokea nimelipata mwaka huu, na mdai wangu ni kijana mmoja wa Makorora, fundi umeme.

Alinikuta jioni moja nikifunga mlango wa friji kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Friji lile lilikuwa kongwe, mpira wa mlangoni ulikwisha kufa, na usiku kucha lilinguruma kama lori la mkonge lililozidishiwa mzigo. Akaniamkia kwa adabu, akaichungulia mita ya LUKU, akazihesabu balbu zangu sita za wati 60, kisha akapiga hesabu papo hapo: zikiwaka saa 5 kila usiku zinakula uniti 54 kwa mwezi, ilhali za LED za wati 9, zenye mwanga uleule, zingekula uniti 8 na kidogo.

"Mzee, leo hutoi hata shilingi," akasema. "Friji na balbu naleta mimi, nawe utanilipa polepole kutokana na umeme utakaouokoa."

Nilidhani ni utapeli mpya, kumbe ni biashara ya kale. Huko Uingereza, katika karne ya 18, James Watt na mshirika wake Matthew Boulton waliwatoza wenye migodi theluthi moja ya thamani ya makaa ya mawe ambayo injini yao ya mvuke iliyaokoa ikilinganishwa na injini za zamani. Wenye migodi wa Cornwall walifika mahali wakachoka kulipa, na kwa hilo nawahesabu kuwa ndugu zangu.

Mwezi wa kwanza uniti zilishuka, nikatembea kifua mbele. Mwezi wa pili Mama Zaituni, alipoona friji linagandisha kweli, akaanza kuwauzia watoto wa shule barafu za ukwaju na ubuyu. Taa ya barazani, ambayo zamani niliizima saa tatu kwa uchungu, sasa huwaka mpaka alfajiri kwa hoja kwamba haili kitu. Uniti zikarudi palepale. Nikamwambia fundi kwamba hakuna kilichookolewa, kwa hiyo hakuna malipo.

Akafungua daftari, akanijibu kwa utulivu unaokera: "Mzee, barafu hizi ungezigandisha kwa friji la zamani, ungetumia umeme maradufu. Hiyo tofauti ndiyo haki yangu."

Nikamwuliza ni barafu gani ingeganda katika friji la zamani. Basi tukawa tunagombania matumizi ya mwezi ambao haukuwapo, ya friji ambalo leo nahifadhia mkaa.

Akaniomba nimsindikize benki moja mjini nikawe shahidi, kwa kuwa alitaka mkopo wa kuwafungia wateja wengine. Ofisa mikopo akauliza dhamana. Kijana akajibu, bila kupepesa macho, kwamba dhamana yake ni umeme ambao wateja wake hawatautumia. Ofisa akaweka kalamu mezani, akanitazama mimi mwenye mvi kana kwamba ndiye niliyemfundisha, kisha akauliza kama kuna hati ya nyumba. Haikuwapo, nasi tukarudi kwa miguu.

Kwa wenzetu jambo hili lilishikwa na wenye nguvu. China ilianza na kampuni tatu za mfano za kulipwa kutokana na nishati inayookolewa, katika mradi wa Benki ya Dunia ulioidhinishwa mwaka 1998. India nayo ina kampuni ya serikali iliyonunua balbu za LED kwa wingi hata bei ikaporomoka, na tangu mwaka 2015 zimesambazwa zaidi ya milioni 360. Fundi wangu yeye hununua sita sita dukani, kwa bei ya rejareja, halafu hushinda barazani kwangu akinisomea mita.

Jana alikuja tena. Mama Zaituni akampa barafu tatu za ukwaju, akaniagiza niziandike kuwa malipo ya awali. Fundi akazipokea, akaimumunya moja, kisha akataka kwanza tukubaliane ni kiasi gani cha umeme kilichozigandisha.