Ngozi ya Dodoma haihitaji limao

Upepo wa Juni ukishaanza kuvuma Dodoma, makundi ya akina mama ya WhatsApp yanageuka jiko la dawa za ngozi. Limao na asali. Limao na sukari. Limao na ute wa yai. Kwa wenye chunusi, soda ya kupikia na dawa ya meno. Na anayetuma hakosi kukumbusha kwamba ni vitu vya asili, havina kemikali. Nikisoma orodha hiyo naona kitu tunachokihitaji kuliko vyote hakimo, nacho ni mafuta, huku kile ambacho hakitakiwi kabisa usoni kikirudiwa karibu kila mstari.

Tuanze na mji wenyewe. Dodoma iko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Mvua tunaipata msimu mmoja tu, Desemba hadi Machi au Aprili, na kwa mwaka mzima haifiki mbali: milimita 550 hadi 600, kama nusu ya ile ya Dar es Salaam. Baada ya hapo ni ukavu, jua kali mchana, baridi ya usiku na vumbi jekundu. Serikali ilipoanza kuhamia huku mwaka 2016, watu wengi walikuja na utaratibu wa pwani: losheni nyepesi asubuhi, poda, basi. Pwani hewa yenyewe ina unyevu, hata ukizembea ngozi haikuaibishi sana. Huku hewa inanyonya maji mwilini mwako siku nzima. Haupiti muda magoti yamepauka, midomo imechanika, visigino vimeota magaga, na mtu anaanza kulaumu maji ya bomba.

Maji nayo yana sehemu yake, sikatai. Mengi ya visima vya huku yana chumvichumvi, sabuni haitoi povu vizuri na mabaki yake yanabaki mwilini. Lakini mengine tunajitakia. Julai mtu anaoga maji ya moto mpaka bafu lote linafuka mvuke, anajisugua na dodoki kwa sabuni ya mche, anajikausha kabisa na taulo, anavaa, anaondoka. Mafuta atapaka jioni akikumbuka.

Sasa limao. Ngozi yenye afya ina uchachu kidogo, pH yake (kipimo cha uchachu, namba ikishuka uchachu unazidi) ni karibu 5. Limao liko kwenye 2 hivi, soda ya kupikia inapita 8, sabuni ya mche inafika 9 au 10. Ngozi ambayo tayari imechanika kwa upepo unaichoma kwa limao usiku, asubuhi unaivuruga kwa soda, halafu unashangaa inawasha! Zaidi ya hapo, limao na hasa ndimu zina kemikali (ndiyo, kemikali, na ni za asili kabisa) ambazo zikikutana na jua juu ya ngozi huunguza. Yanatoka malengelenge, kisha madoa meusi ya kukaa miezi. Muuza juisi mmoja wa mtaani kwetu ana mistari myeusi inayoanzia kifundo cha mkono na kushuka hadi kwenye kiwiko, ikifuata njia ile ile ambayo maji ya ndimu humchuruzika anapokamua. Yeye hakuwa anatafuta urembo, alikuwa kazini tu. Wewe unaipaka usoni kwa hiari halafu unatoka kwenda kusimama kituo cha daladala saa saba mchana.

Na haya tunayafanya tukiwa tumekaa katikati ya alizeti. Singida na Dodoma ndiko kwenyewe, mashine za kukamua ziko mpaka vijijini. Mafuta ya alizeti kwa kawaida yana asidi ya linoleiki kwa wingi, na ngozi huitumia hiyo hiyo kujenga ukuta wake wa kuzuia maji yasipotee. Mafuta ya zeituni ya bei mbaya kutoka Ulaya yana kidogo tu ya asidi hiyo, na kwa ngozi kavu yanaweza hata kuudhoofisha ukuta huo. Sisemi hivi kwa uzalendo.

Muhimu ni wakati wa kupaka. Oga haraka kwa maji ya uvuguvugu. Jifute kwa kugusagusa, usijisugue. Ngozi ikiwa bado mbichi kwa maji, mimina mafuta kidogo kiganjani, yapashe kwa kusugua viganja, kisha paka kuanzia miguuni, maana huko ndiko kunakopauka kwanza. Mafuta hayaongezi maji mwilini, yanafungia yaliyopo. Ukipaka kwenye ngozi iliyokwisha kauka unang'aa tu na kuchafua shuka. Mafuta ya mashine yasiyosafishwa yana harufu ya mbegu, kwa hiyo kama hutaki kunukia mashudu ofisini kule Mtumba, kwenye mji wa Serikali, paka usiku. Yale ya kando ya barabara ya Singida, omba yaliyowekwa kivulini. Chupa iliyoanikwa juani tangu asubuhi mafuta yake yanaharibika mapema.

Mafuta ya ubuyu ni mazuri pia, bei yake tu ndiyo inaniudhi. Glisilini ichanganye na maji, kwani ikiwa tupu kwenye hewa kavu kama hii huvuta maji kutoka kwenye ngozi yako mwenyewe. Mafuta ya nazi mwilini sawa, usoni kwa mwenye chunusi hapana. Asali ya Singida mimi naiweka kwenye chai. Kwa magaga na midomo hakuna kinachoyashinda mafuta ya mgando, ambayo yanatokana na mafuta ghafi ya kuchimbwa ardhini, si mmea wowote: loweka miguu, sugua taratibu kwa jiwe, paka mengi, vaa soksi, lala.

Jua halihitaji maneno mengi. Kofia pana, au kanga kichwani. Ngozi nyeusi haiungui upesi, ila alama za chunusi huzidi kuwa nyeusi juani. Kwa wenzetu wenye ualbino, hapo si suala la urembo tena, ni saratani ya ngozi. Wao wanahitaji mikono mirefu na mafuta maalumu ya kuzuia jua, kama Kilisun yanayotengenezwa Moshi.

Kinachonitia hasira hasa ni yale makopo yasiyo na lebo, "krimu ya karoti, asili tupu, unang'aa ndani ya wiki". Karoti haimfanyi mtu mweupe ndani ya wiki. Kinachofanya hivyo ni zebaki, haidrokwinoni au steroidi kali (dawa za kutuliza uvimbe na mwasho), na zote tatu zimepigwa marufuku nchini kwenye vipodozi. Tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, kwa hiyo kopo lisilo na jina la mtengenezaji wala orodha ya vilivyomo lina sababu ya kujificha. Kama umeshaanza kutumia mkorogo wa aina hiyo, usiuache kimyakimya nyumbani. Wenye steroidi ukiukatisha ghafla uso unaweza kuwaka na kutoka vipele kuliko mwanzo, na wengi hurudi kwenye kopo lile lile kwa sababu hiyo. Nenda hospitali, na kopo lenyewe ulibebe umwonyeshe daktari.