Haragwe la gizani lilishinda

Nafundisha watoto wa PP2, mwaka wa pili wa chekechea, mtaani Pipeline, Embakasi, Nairobi. Maghorofa ya huku yamebanana hadi nguo zikianikwa kwenye roshani zinakaribia kugusana na za ploti ya pili. Bustani hatuna, na udongo wa kupandia tungeutoa wapi? Muhula huu nilitafuta makopo matupu ya mtindi, pamba, na kikombe kimoja cha maharagwe ya nyayo, tukaanza.

Tuliyaloweka usiku kucha. Asubuhi kila mtoto akalilaza haragwe lake kwenye pamba mbichi. Nusu ya makopo tukayapanga dirishani, nusu tukayafungia kabatini. Kabla sijafunga mlango wa kabati niliwauliza: yapi yatakuwa marefu zaidi? Karibu wote wakaonyesha dirishani. Wachache walichagua kabati, nadhani kwa sababu makopo yao yalikuwa humo.

Tulikuwa tukilichungulia kabati kila asubuhi, kwa haraka, tutie maji kidogo na kufunga. Siku ya 12 tukayatoa yote, tukayaweka mezani sako kwa bako. Ya kabatini yalikuwa yameyapita ya dirishani mbali sana: mashina marefu, membamba, meupe kama tambi, na juu yake vijani vya manjano vilivyojikunja. "Ticha, ya giza imeshinda!" Darasa zima likapiga makofi.

Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Mmea ulio gizani hutumia akiba ya chakula iliyomo ndani ya mbegu kujirefusha, ukiusaka mwanga. Hautengenezi rangi ya kijani maana hauna mwanga wa kuutumia, na akiba ikiisha kabla haujaufikia mwanga, unakufa. Ningeyamaliza hayo kwa dakika moja, watoto wangeitikia "Ndiyo, ticha" kwa pamoja, na kesho yake hakuna ambaye angekumbuka. Nikanyamaza. Nikawaambia waguse, polepole, kwa kidole kimoja.

La dirishani liliguswa likarudi wima. La kabatini liliguswa likalala, halikuinuka.

"Imechoka," akasema mmoja. Mwingine akainama hadi pua ikakaribia kopo: "Haina nguvu. Ni kama haijakula." Wakaanza kubishana wenyewe, kama kushinda ni kuwa mrefu au ni kusimama. Kipindi chetu ni cha dakika 30, na siku hiyo kengele ilitukuta bado tuko kwenye meza ile.

Hiyo ndiyo sayansi ninayotaka katika chekechea: mtoto abashiri, akosee, kisha atazame tena. Majina yatakuja. Katika mtaala wa umilisi, uliosambazwa nchini kote mwaka 2019, madarasa ya awali hayana somo linaloitwa sayansi. Kuna shughuli za mazingira, na Sayansi na Teknolojia huja gredi ya 4. Nafasi hiyo tumeachiwa, nasi walimu tunaijaza michoro. Picha ya mmea, mzizi hapa, shina pale, paka rangi ya kijani, pata alama ya vema. Mtoto anaweza kupata vema zote hizo bila kuwahi kuugusa mzizi, na akaingia gredi ya kwanza akiamini kwamba mimea yote ni ya kijani kwa sababu ndiyo kalamu aliyopewa.

Mzazi mmoja alikuja kunilalamikia. "Mwalimu, daftari ya mtoto ina kurasa tupu." Sikumlaumu. Karo anaipata kwa jasho, na daftari ndicho kitu pekee cha shule kinachofika nyumbani. Nilimpeleka dirishani nikamwonyesha kopo la mwanawe, na namna shina lilivyokuwa limeelekea nje. Tukaligeuza kopo. Nikamwomba apitie tena baada ya siku mbili. Alipita, akalikuta limepinda upande wa pili, likirudia mwanga. Alisimama pale kwa muda, kisha akaniuliza swali ambalo ni zuri kuliko mengi niliyoulizwa chuoni: "Linajuaje?"

Mwaka 1880 Charles Darwin na mwanawe Francis walichapisha majaribio yao juu ya swali hilohilo. Walivifunika ncha vichipukizi vya nyasi kwa vikofia vidogo, wakaona vilivyofunikwa havipindi kuelekea mwanga. Vikofia tu! Anayeniambia kwamba sayansi ya watoto wadogo inangoja maabara na vifaa vya bei, simkubalii. Kinachotukwamisha zaidi ni wingi wa watoto kwa mwalimu mmoja, na haraka yetu ya kutoa jibu.

Na lugha. Nurseri nyingi za mtaani zinadai Kiingereza tangu siku ya kwanza. Yule aliyesema "imechoka" ni mtoto mkimya. Ningemtaka alitafute neno hilo kwa Kiingereza, angenyamaza, nasi tungekosa jambo la maana kuliko yote yaliyosemwa asubuhi ile. Kiingereza atajifunza, sina wasiwasi. Lakini mtoto wa miaka mitano akishangaa, hushangaa kwa lugha anayochezea.

Makopo ya kabatini tuliyahamishia dirishani. Siku chache baadaye majani yakaanza kushika kijani, ingawa mashina yalibaki marefu na yamelegea. Msichana mmoja anayeishi chini kabisa kwenye ploti yao, chumba ambacho taa huwashwa asubuhi na kuzimwa usiku, aliyatazama sana kisha akanivuta mkono. "Ticha, na ya kwetu itaona stima?"

Nilimuuliza yeye anaonaje. Akasema itaona, lakini kidogo. Ijumaa alibeba kopo moja kwenda nalo nyumbani, amelikumbatia kwa mikono miwili, na mamake amekubali kuliweka juu ya kabati la vyombo, karibu na balbu.

Tutajua Jumatatu ya wiki ijayo.