Dizeli ya greda haiibwi na wanakijiji peke yao
Kuna mwandishi aliyeandika kuwa dizeli na betri za mitambo ya barabara huibwa na wanakijiji, kwa hiyo waongezwe walinzi. Sikubaliani naye. Mimi ni dereva wa kijiko, yaani mtambo wa kuchimba udongo. Betri zake ni nzito na zimekazwa kwa nati. Anayezitoa gizani bila kukata waya ni mtu anayeujua mtambo. Tena ufunguo mmoja mara nyingi huwasha mitambo mingi ya muundo ule ule! Kinachosaidia ni kusoma kila jioni saa za injini, yaani mita inayoonyesha injini imefanya kazi saa ngapi, na kuzilinganisha na lita zilizotiwa, tangi lipigwe kufuli, na mlinzi alipwe kwa wakati, maana mlinzi anayedai mishahara ndiye anayewamulikia tochi wenzake wakinyonya mafuta kwa mpira. Saiti zenu nani anasoma hizo saa?