Aliyenusurika Naye Apate Somo

Kijana mmoja wa mtaani kwetu, hapa Mkomani, Lamu, alijaribu kujiua. Aliwahiwa, akalazwa siku chache, akarudi nyumbani. Wiki ya kwanza ukumbi ulijaa watu. Wiki ya tatu hakuna aliyebisha hodi. Mimi mwenyewe nilikuwa nikipita mlangoni kwao kila nikienda kuswali, nasalimu, naendelea na njia. Niliogopa kumuuliza, nisije nikamkumbusha.

Hofu ile haikuwa na msingi. Kumuuliza mtu waziwazi kama anafikiria kujiua hakumpandikizii wazo hilo. Kama analo, analo tangu jana, na swali humpa pa kulitua. Tena wiki na miezi ya mwanzo baada ya kutoka hospitali ndiyo yenye hatari kubwa, nasi ndipo tunapokuwa tumeshatawanyika.

Shirika la Afya Duniani liliwafuatilia watu 1,867 waliojaribu kujiua katika nchi tano, India na Iran zikiwamo. Baadhi walipata matibabu ya kawaida tu. Wengine waliongezewa mazungumzo ya kama saa moja, kisha wakatembelewa au kupigiwa simu mara tisa katika miezi 18. Matokeo yalitolewa mwaka 2008: katika kundi la kwanza, waliokufa kwa kujiua walikuwa kama wawili katika kila mia, katika kundi la pili, kama wawili katika kila elfu. Kilichoongezwa ni mazungumzo na kujuliana hali. Huko Harare nako, tangu 2006, akina bibi waliofunzwa huketi na watu kwenye mabenchi ya zahanati na kuwasikiliza.

Wapo watakaosema Lamu tuna baraza, tuna daka la kuketi mlangoni, benchi la nini? Hapo sikubaliani nao. Baraza ni pa bei ya samaki na siasa. Neno likitoka Mkomani asubuhi, alasiri liko mtaa wa Langoni. Nani ataweka roho yake hapo?

Tulichonacho chenye thamani zaidi ni somo, yaani kungwi. Mwari hukabidhiwa mwanamke mmoja, akamfunda, akamwuliza yasiyoulizika, na siri zake akazizika kifuani. Sisi wanaume hatujawekeana mtu wa namna hiyo, na duniani kote wanaume wanaojiua ni zaidi ya maradufu ya wanawake. Nataka kila anayerudi kutoka hospitali apewe somo wake: mtu mmoja aliyefunzwa kusikiliza, asiyehubiri, asiyechoka baada ya wiki mbili. Kwamba kujiua ni haramu, aliyelala kitandani analijua hilo kuliko sisi tuliosimama juu yake.

Hata sheria imelegea. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kilimhesabu aliyenusurika kuwa mkosaji, mpaka Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alipoamua kwamba kinakwenda kinyume na Katiba. Midomo yetu ndiyo bado inahukumu.

Somo hachukui nafasi ya daktari wala dawa. Hali ikiwa mbaya, mtu asiachwe peke yake, apelekwe hospitali. Na ipo namba ya bure ya Msalaba Mwekundu, 1199, hata kwa anayemuuguza.

Mwishowe nilibisha hodi. Mamake akanifungulia: "Ndoo, mwanangu, kaa kitako." Sikuwa na nasaha yoyote. Nilimuuliza yule kijana lile swali, akanyamaza muda mrefu, kisha akasema mpaka adhana ya isha. Tulikubaliana dawa zote za nyumbani azifungie mamake, na mimi niwe naenda kila Jumatano. Juzi Jumatano ilinikuta Mombasa. Nikampigia kutoka Likoni, nikingoja feri.