Kwangu Iko Sawa

Jamani, kosa la mtu wa ofisini ni nini? Umetumiwa hati ya malipo ya Excel kutoka Mafinga, umeifungua hapa Mwanjelwa, kila kitu kimekaa mahali pake: idadi ya mbao, kiasi kwa tarakimu, kiasi kwa maneno. "Shilingi milioni moja laki mbili na elfu hamsini tu." Roho inatulia. Unabadilisha tarakimu moja, maana mbao zilizofika si zile zilizoandikwa (na lini ziliwahi kufika zilizoandikwa?), unabonyeza Enter, na pale palipokuwa na milioni moja panatokea #NAME?. Alama ya reli, jina, alama ya kuuliza. Umekaa nayo tangu saa mbili asubuhi, leo hii ndiyo inataka mfahamiane!

Unapiga simu Mafinga.

"Kamwene dada. Hii hati yenu mbona imegoma?"

"Kamwene kaka. Kwangu iko sawa."

Hapo ndipo moyo unapokufa. Kwangu iko sawa! Ni kama kumlalamikia jirani kwamba umeme umekatika, naye anakujibu kwamba yeye anapiga pasi.

Na ubaya ni kwamba dada hajadanganya. Kwake iko sawa kweli. Excel yenyewe haijui kuandika shilingi kwa maneno. Inajua kuandika baht za Thailand, hiyo ndiyo kali: andika =BAHTTEXT(1250) kwenye seli yoyote, itakumwagia Kithai cha kwao na herufi za kwao, bure, bila kuongeza kitu. Kithai! Muuza viazi wa Umalila anahusika vipi na baht? Shilingi zetu hazimo. Kwa hiyo kijana mmoja anayejua mambo anakaa chini na VBA, lugha ya kutungia programu ndogo ndani ya Excel, anatunga fomula yake, anaiita KWAMANENO, anaihifadhi kama programu jalizi, faili la aina ya .xlam, tuseme Shilingi.xlam. Anaiweka kwenye kompyuta ya dada. Kuanzia hapo dada anaandika =KWAMANENO(E14) kama vile Excel ilizaliwa nayo, na baada ya mwezi hakumbuki kwamba kuna kitu kiliongezwa.

Sasa faili linasafiri. Hati yenyewe inapanda basi, inafika Mbeya salama. Fomula je? Fomula ilishuka Makambako kuchimba dawa, basi likaondoka. Maana ndani ya hati hamna KWAMANENO, kuna jina lake na anwani ya inapoishi, basi. Usibishe, bofya ile seli utazame juu kwenye mstari wa fomula. Palipokuwa pafupi pamerefuka kama foleni ya Mafiati: ='C:\Users\hp\AppData\Roaming\Microsoft\AddIns\Shilingi.xlam'!KWAMANENO(E14). Hiyo ni ramani ya nyumbani kwa dada. Excel ya Mbeya inaichukua ramani ya Mafinga, inaanza kubisha hodi kwenye nyumba ambayo hapa haikujengwa.

Na hapo kwenye "hp" ndipo penye mzaha mkubwa. Hilo ni jina la mtumiaji wa kompyuta, na laptopu nyingi za mtumba huja na jina alilolikuta muuzaji: hp, user, admin. Sasa ikitokea kompyuta mbili zote zinaitwa hp, na zote zina programu jalizi kwenye folda ile ile ya kawaida, anwani zinafanana herufi kwa herufi na hati inafanya kazi bila tatizo. Watu wanashangilia, wanasema mfumo umekubali. Inakuja ya tatu, imeandikishwa kwa jina la bosi, inagoma. Hapo ofisi nzima inaanza kusema kompyuta ya bosi ina kirusi.

Kingine kinachochosha ni unafiki wa hati yenyewe. Ikifunguliwa tu haisemi kitu. Inaonyesha maneno yaliyohifadhiwa mara ya mwisho ilipokokotolewa huko Mafinga, ndiyo maana mtu anaitazama, anasema imefika vizuri, anajibu "ndaga" na kuendelea na shughuli zake. Inavuliwa nguo pale utakapogusa tarakimu, au utakapobonyeza F2 kisha Enter juu ya seli. Ukitaka kuilazimisha iseme ukweli wote mara moja ni Ctrl+Alt+F9, vidole vitatu pamoja, na kwa baridi ya Julai ya huku hilo nalo ni zoezi. Lakini bora ikuumbue wewe ukiwa ofisini kuliko ikuumbue mbele ya mkaguzi.

Basi tengeneza. Unamwambia dada atume na lile Shilingi.xlam lenyewe. Anatuma kwa WhatsApp, linatua kwenye Downloads. Na hapa watu wote hufanya kosa moja: wanalibofya mara mbili hapo hapo lilipo. Linafunguka, KWAMANENO inarudi, shangwe. Ukifunga Excel, kwisha habari. Kesho asubuhi #NAME? imekutangulia kazini. Kubofya mara mbili ni kumkaribisha mgeni sebuleni, hujampa chumba.

Wengine wanalisajili moja kwa moja kutoka kwenye flashi. Hao nawaonea huruma. Excel imeshakariri kwamba kitu kiko E:, flashi iko mfukoni mwa kijana, kijana yuko Tunduma.

Fanya hivi. Funga Excel yote. Tengeneza folda fupi isiyo na jina la mtu ndani yake, mfano C:\Zana, na folda hiyo iwe hivyo hivyo kwenye kila kompyuta, Mafinga, Mbeya, hata ile ya steshenari mnakoprintia. Hamishia Shilingi.xlam humo. Bofya kitufe cha kulia cha mausi juu yake, nenda Properties, tazama chini kabisa kama kuna kiboksi cha Unblock. Kikiwepo kitie tiki, kisha OK. Kiboksi hicho kimeua wengi. Windows huliwekea alama faili lililotoka kwenye intaneti, na tangu 2022 Microsoft waliamua makro (ndizo programu ndogo hizo za VBA) zenye alama hiyo zizuiwe bila majadiliano. Programu jalizi inaonekana imesajiliwa, ina tiki yake kabisa, lakini iko bubu. Na kichekesho ni kwamba alama hiyo haidumu kwenye flashi za kawaida za FAT32. Yaani lililotumwa na dada unayemfahamu linasimamishwa getini, la kwenye flashi iliyozunguka steshenari tano linapita linapiga mluzi. Unblock ya kitu usichokijua kilikotoka, hiyo shauri yako.

Sasa fungua Excel. File, Options, Add-ins. Usihangaike na lile orodha refu la juu, teremka chini kabisa penye Manage, hakikisha pameandikwa Excel Add-ins, bonyeza Go, halafu Browse, nenda C:\Zana ulichague. Ikikuuliza kama ilinakili kwenye folda ya AddIns ya mtumiaji, kataa. Ukikubali umelirudisha kule kule kwa akina hp, na kazi yote ya folda fupi imekwenda na maji.

Kisha hati. Bado imebeba ramani ya zamani, kwa hiyo nenda Data, kuna kitufe cha Edit Links (kwenye Excel mpya kinaitwa Workbook Links), chagua Change Source, ionyeshe Shilingi.xlam ya kwako. Kikigoma, tumia Ctrl+H: pa kutafuta ubandike ile anwani nzima, kuanzia kialama cha ' cha mwanzo hadi alama ya mshangao, pa kuweka uache patupu, na kwenye Options pale Within uweke Workbook ili zisibaki shiti nyingine zinakucheka. Utaratibu ni muhimu: programu jalizi kwanza, Ctrl+H baadaye. Ukigeuza, unabaki na =KWAMANENO(E14) safi kabisa isiyojua chochote, na itabidi urudi kwa vidole vitatu.

Kijana aliyeitunga angeweza kukuondolea haya yote, kusema kweli. VBA ina LinkSources ya kuorodhesha viungo vya faili na ChangeLink ya kuvihamisha. Aweke ndani ya .xlam kipande kinachokagua kila hati inayofunguliwa; kikiona kiungo cha Shilingi.xlam kinaelekea kwingine, kikivute kwenye anwani ya programu jalizi iliyopo. Si mistari mingi. Lakini kijana ukimpigia anakwambia, bosi, kwangu iko sawa.

Kuna wanaosema dawa ni kuitia fomula ndani ya hati yenyewe. Alt+F11, unaikokota moduli, yaani kile kipande kilichoandikiwa fomula, kutoka Shilingi.xlam hadi kwenye hati, unahifadhi kama .xlsm. Ni dawa kweli, hati inasafiri na fomula yake kwapani. Ila mtu mmoja huko njiani akihifadhi kama .xlsx, na atatokea, Excel itamuuliza kwa Kiingereza kirefu, atabonyeza Yes bila kusoma, na moduli imeachwa barabarani. Halafu ukiwa na hati thelathini una fomula thelathini. Ukigundua kosa unalirekebisha mara thelathini, kama kufungua magunia ya lumbesa moja moja kutafuta kiazi kimoja kilichooza.

Na bosi anayefungua kwa simu akiwa Kyela? Hapo hakuna mjadala. Excel ya simu haiendeshi makro za VBA, ya kwenye kivinjari haiendeshi, na Google Sheets haina habari nazo kabisa. Bosi anataka kuona, hataki kukokotoa, kwa hiyo mpelekee PDF. Au fanya nakala ya hati, nakala nimesema, zikopi zile seli, halafu Paste Special, Values, maneno yabaki maneno matupu. Anayefanya hivyo kwenye hati halisi na kubonyeza Ctrl+S amejichimbia kisima na kurukia humo mwenyewe.

Vijana wa mjini wanakwambia, mzee, achana na VBA, tumia LAMBDA, fomula unaitunga kwenye Name Manager na inakaa ndani ya hati bila makro. Ni kweli, na ni nzuri. Inataka Microsoft 365 au Excel 2024. Hata 2021 haina. Sasa ipeleke kwenye kompyuta yenye Excel 2010, ile yenye kibodi iliyofutika herufi A, uone kama hukukutana tena na #NAME?, safari hii imevaa na _xlfn mbele kama tai, alama ya Excel kwamba fomula hii haiijui.

Nilitaka kusahau majina. Jina la faili ni sehemu ya ramani. Shilingi.xlam likirekebishwa libaki Shilingi.xlam, ukiliita Shilingi_MPYA_mwisho_kabisa.xlam hati zote za nyuma zinapotea njia. Toleo liandikwe ndani: kijana atunge na fomula ndogo ya =TOLEO() inayorudisha tarehe ya marekebisho, muweke kwenye kona ya hati. Vinginevyo mtafika mahali hati ile ile Mafinga inaandika "laki mbili" na Mbeya inaandika "elfu mia mbili", mwenye hundi anazitazama zote mbili, hajui asaini ipi.

Na marekebisho hayakosi. Jaribu tu kuingiza 25,000. Inaandika "Shilingi elfu ishirini na tano tu." Vizuri. Sasa ingiza 20,005. "Shilingi elfu ishirini na tano tu." Hapo kompyuta haina kosa, ni Kiswahili chetu wenyewe, na kijana hakulifikiria. Dawa yake ipo: kinachobaki chini ya elfu kitenganishwe, isomeke "Shilingi elfu ishirini, na shilingi tano tu." Ni mabadiliko ya dakika kumi. Kijana anayafanya, anabadilisha na tarehe ya TOLEO, jina la faili haligusi maana safari hii ameelewa, analituma kwa WhatsApp Mafinga na Mbeya.

Linatua kwenye Downloads. Lile la zamani bado limo humo, hakuna aliyelifuta. Jipya linajiandika Shilingi (1).xlam.